Fataki Nyuma ya Nyumba: Historia ya Mlio wa Baruti Katika Mwambao wa Rumonge

Usiku wa kuamkia mwaka 2019 tulipiga fataki nyuma ya nyumba yetu mjini Rumonge. Mjomba wangu, ambaye kazi yake iko Dar es Salaam, alikuwa amekuja kwa njia ya Kigoma, na ndani ya begi lake, katikati ya mashati, alificha pakiti ya karatasi nyekundu yenye maandishi ya Kichina. Hatukuomba kibali kwa mtu yeyote. Tulichukua chupa ya soda, tukaitia mchanga hadi nusu, tukaisimamisha kati ya migomba na mafiga ambayo mama hutumia kuchemshia chikichi, na mjomba akawasha kwa kijinga cha moto. Ya kwanza ilipiga mluzi, ikapanda juu ya michikichi, ikapasuka na kumwaga cheche za kijani. Watoto wakashangilia. Zote zilikuwa tano, na hazikuchukua hata dakika nne.

Tuliporudi ndani, kitanda cha bibi kilikuwa kitupu. Wadogo zangu wawili waliokuwa wamelala chumbani kwake hawakuwepo pia. Tuliwakuta ufukweni, mahali wavuvi wanapovutia mitumbwi yao, watoto wamevaa viatu, naye ameshika furushi lenye kanga, sufuria ndogo na unga. Hakuwa akilia, wala hakuwa akikimbia. Alipomwona mjomba, ambaye ni mwanawe wa mwisho, alimwuliza swali moja tu: mtumbwi uko wapi?

Insha hii imetokana na swali hilo. Mwanzoni nilifikiri jambo lenyewe lina maelezo mepesi: bibi aliona vita, mlio wa fataki unafanana na mlio wa bunduki, basi akaogopa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaruka sehemu kubwa ya historia. Katika mwambao huu wa Tanganyika, watu hawakuanza kwa kuukimbia mlio wa baruti. Kuna wakati ambapo watu wa mjini waliusikia wakatoka nje kuufuata, kwa sababu ulikuwa na maana ya kwamba wageni wamefika na bidhaa zimefika. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kilichoifanya baruti iwe salamu hakikuwa baruti yenyewe. Ilikuwa ni desturi iliyoizunguka: nani anapiga, saa ngapi, nani ameambiwa, na nani atajibu.

Nianze na maneno, maana sisi wanafunzi wa lugha ndiko tunakoanzia. Neno fataki tunalolitumia leo kwa vitu vya sherehe ni neno la bunduki. Katika Kiswahili cha karne ya 19, fataki ni kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa kali, kinachogongwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti ndani ya mtutu. Kabla yake palikuwa na bunduki za gumegume, ambazo zilitegemea cheche za jiwe. Kwa hiyo mjomba aliponunua fataki Kariakoo alikuwa ananunua, kwa jina, kipande cha bunduki. (Msomaji wa Tanzania atacheka, kwa kuwa kwake fataki ni pia mzee anayewarubuni wasichana wa shule, maana iliyoenezwa na matangazo ya redio. Lakini hata hiyo ni maana ya kitu kinacholipuka na kumwunguza mtu.) Kiberiti nacho, kabla ya kuwa njiti za kuwashia moto, kilikuwa jina la madini ya njano ambayo ni mojawapo ya vitu vitatu vinavyofanya baruti. Kingine ni mkaa, na cha tatu ni shura, chumvi ambayo siku hizi ni nadra kuisikia ikitajwa. Lugha yetu ina neno kwa kila sehemu ya mlipuko. Lugha haikusanyi maneno ya namna hiyo bila watu wake kushika vitu vyenyewe mikononi.

Walivishika katika biashara. Sayyid Said bin Sultan alipotiliana mkataba na Marekani mjini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, biashara ya Wamarekani ilifunguliwa karibu yote, ila palikuwa na sharti moja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu. Katika bandari nyingine za Sultani ziliruhusiwa kuuzwa bila kizuizi kwa yeyote anayetoa bei kubwa zaidi. Sharti hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Sultani hakuichukia baruti, wala hakujali sana ilipasuliwa wapi. Alichokataa ni kupasuliwa karibu na nyumba yake bila yeye kujua iko mkononi mwa nani. Nikisoma sharti hilo, namwona mtu anayelala usiku huku akisikiliza.

Kutoka pwani baruti ilipanda bara mabegani mwa wapagazi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na msafara ulitumia miezi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Basi kila kiasi cha baruti kilichofika ziwani kilikuwa kimebebwa na mtu, kimelindwa na mvua, kimelipiwa hongo njiani. Hapo ndipo ninapoona jambo la ajabu katika desturi ya misafara. Baruti hiyo ya thamani, iliyofika kwa taabu kiasi hicho, ilipigwa hewani siku ya kuwasili, bila shabaha yoyote. Burton ameeleza jinsi walivyoingia Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857: bendera mbele, pembe zikilia, wapagazi wamejipanga na kujipamba, na bunduki zikipigwa kama mizinga ya heshima. Stephen Rockel, aliyeandika juu ya kazi na maisha ya wapagazi wa Tanzania ya zamani, anatusaidia kuelewa kwamba mambo ya namna hii hayakuwa mchezo. Yalikuwa sehemu ya utamaduni wa msafara, na wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi, ndio waliokuwa wenye utamaduni huo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ujiji, Novemba 1871, kwa tarehe aliyoishika Henry Morton Stanley mwenyewe. Walipokuwa wakiteremka kilima na kuuona mji, Stanley aliamuru bunduki zishindiliwe. Hakuja kupigana. Ilikuwa ni kwa sababu, kama alivyoeleza katika kitabu chake, msafara hauwezi kuingia mji wa Waarabu bila kutoa taarifa kwa mlio. Zikapigwa karibu bunduki 50. Watu wa Ujiji hawakujificha. Walimiminika nje kwa mamia, na mmoja wa kwanza kufika alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alitoa salamu kisha akakimbia kumpasha habari bwana wake. Kila mtu anakumbuka maneno ya Stanley alipokutana na Livingstone. Mimi nashauri tukumbuke kilichotangulia. Kabla ya Mzungu kusema neno, baruti ilikuwa imekwisha kusema, na mji ulikuwa umekwisha kuelewa.

Ujiji iko kusini mwa Rumonge, kiasi cha kilomita 100 kwa njia ya maji. Siku chache baada ya kukutana, Stanley na Livingstone walipita mbele ya mwambao wetu kwa mtumbwi kwenda kuchunguza mto Rusizi, wakalala Mugere, mahali palipo na jiwe lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Watalii hupiga picha pale hadi leo. Wengi wetu tumepelekwa na shule, tumekula andazi chini ya jiwe, tumerudi.

Hapa inanibidi kuwa mwangalifu, kwa maana ni rahisi kuupenda mlio wa Ujiji kupita kiasi. Waliotoka nje kushangilia walikuwa watu wa mji wa biashara, waliokuwa na bunduki zao wenyewe na waliosubiri shanga, nguo na barua. Kwa vijiji vilivyo nje ya mji, na kwa wale waliofungwa minyororo, mlio uleule haukuwa salamu. Angalia majina. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa zama zile, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili, na humo anaeleza kwamba jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Wapo waliosema ni kwa ajili ya kupepesa macho, lakini yeye alichagua bunduki. Mwenzake Muhammed bin Khalfan, aliyetawala biashara ya Ujiji na kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1880, aliitwa Rumaliza, yaani mwenye kumaliza. Jina moja ni la sauti, na la pili ni la matokeo ya sauti hiyo. Waliotunga majina hayo hawakuwa wenye bunduki. Walikuwa ni wale waliosimama upande wa pili wa mtutu, na nadhani ndio wanahistoria wa kwanza wa mlio wa baruti katika eneo hili, ingawa hatuwataji kwa cheo hicho.

Burundi ya ndani haikumpokea Rumaliza. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia milimani, na kwa hiyo biashara ya watumwa ilibaki pembeni mwa ziwa, katika ukanda mwembamba ambamo Rumonge imo. Huku kwetu palikuwa si Ujiji. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo, Deniaud, Augier na D'Hoop, wakauawa na watu wa Bikari baada ya ugomvi uliomhusu mtoto aliyekuwa akilelewa misheni. Wenzao wakaondoka. Tukio hilo huelezwa kwa kawaida kama sura ya historia ya Kanisa. Mimi naliona pia kama ushahidi wa aina ya mahali palivyokuwa: mgeni alifika na kukaa, lakini hapakuwa na desturi iliyokubaliwa na pande zote ya namna ya kufika na namna ya kupokelewa. Mji wa Waswahili wenye misikiti, soko la ndagala na mawese, ambamo salamu zinaeleweka, ulijengeka hapa taratibu na watu waliotoka Ujiji, Uvira na kwingineko. Mwaka 1881 wakati huo ulikuwa bado.

Miaka tisa baadaye mataifa ya Ulaya na mengineyo yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakakubaliana kuzuia silaha na baruti kuingia sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Rumonge iko karibu nyuzi 4 kusini, kwa hiyo tulikuwa katikati kabisa ya mstatili uliochorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuliona ziwa hili. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini serikali zilizotia saini hazikujizuia zenyewe. Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura mwaka 1897, na mwaka 1903 wakamlazimisha Mwezi Gisabo kukubali mapatano ya Kiganda kwa nguvu ya bunduki ambazo sheria ile iliwakataza watu wake kununua. Mwaka 1915 wakashusha majini Kigoma meli ya Graf von Götzen, ile ile tunayoijua kwa jina la Liemba, wakaifunga mzinga uliotoka kwenye manowari ya Königsberg iliyokwama Rufiji. Kuanzia hapo, mlio wa baruti ziwani ulikuwa mali ya serikali. Mtu wa kawaida hakuupiga tena kusalimia. Aliusikia tu.

Sijui kama msomaji anaona uzito wa badiliko hili. Salamu ni jambo la watu wawili. Mmoja akinyang'anywa uwezo wa kujibu, kinachobaki si salamu, ni amri.

Kipindi cha Wabelgiji nitakipita haraka, si kwa sababu hakikuwa na matukio bali kwa sababu kwa habari ya mlio kilikuwa kimya kuliko vingine. Kimya hicho kilivunjwa na risasi moja. Tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache tu baada ya chama chake cha Uprona kushinda uchaguzi, mwanamfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi akiwa katika mkahawa kando ya ziwa mjini Usumbura. Waswahili wa Buyenzi na wa miji ya ziwani walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mapema, na katika familia nyingi za Kiislamu za Rumonge habari ile husimuliwa kama kifo cha ndugu. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962 ulisherehekewa kwa ngoma. Ngoma za Burundi hazihitaji baruti, na yeyote aliyesimama karibu nazo anajua kifua kinavyotikisika.

Sasa nifike kwenye usiku wa bibi. Jumamosi tarehe 29 Aprili 1972, waasi walianza mashambulizi kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Waliua maafisa na raia, wengi wao Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu ambayo hayakukoma kwenye mwambao wala kwa waasi. Yalienea nchi nzima kwa miezi, yakawafuata walimu, wanafunzi, makarani na wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa huwa kati ya 100,000 na 300,000. Makumi ya maelfu walikimbia, na waliokuwa ziwani walikuwa na mlango ambao watu wa milimani hawakuwa nao: maji. Kwa mtumbwi, usiku, ukifuata ukingo kwenda kusini, unafika Kigoma.

Bibi hakuwahi kunisimulia habari hizi hadi nilipomweleza kwamba nataka kuandika juu ya fataki. Alifikiri kwa muda, kisha akaniambia jambo ambalo limebadilisha insha hii yote. Jumamosi ile, aliposikia mlio wa kwanza, hakuogopa. Alikuwa msichana wa miaka 16, na katika mtaa wao palikuwa na harusi wiki ile. Alidhani ni watu wa harusi. Nyumba nzima ilidhani hivyo. Kaka yake alitoka nje kwenda kutazama.

Hakusema zaidi juu ya kaka yake, nami sikuuliza. Baada ya kitambo aliongeza: "Mara ya kwanza nilikosea upande ule. Nikikosea tena, mjukuu wangu, nitakosea upande huu."

Nimeyaweka maneno hayo karibu na habari za Ujiji, na kila ninapoyasoma pamoja naona kitu kimoja. Watu wa Ujiji wa 1871 waliusikia mlio wakatoka nje, na walikuwa sahihi. Kaka wa bibi aliusikia mlio akatoka nje, na alikuwa anafuata kumbukumbu ileile ya zamani, kwamba mwambao huu hupasua baruti kwa furaha. Katika miaka ile 101 hakuna aliyewatangazia watu kwamba maana imebadilika. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bibi, usiku wa mwaka 2019 ulipoingia, alikuwa mtu mzima aliyechanganyikiwa na kelele za watoto. Alikuwa amesoma alama kwa makini kuliko sisi sote, kwa kanuni aliyoilipia.

Familia yetu ilipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora, moja ya makazi ambayo serikali ya Tanzania iliwatengea wakimbizi wa 1972 pamoja na Katumba, na baadaye Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katika miaka ya 1980, ameonyesha jinsi wakimbizi wa kule walivyoisimulia historia yao kila siku. Kwetu Ulyankulu, nyumbani mwa bibi, ilikuwa kinyume. Nilizaliwa huko nikakua bila kusikia hadithi, ila nilizijua kanuni. Watoto wa pale, kama watoto wengi wa Afrika Mashariki, walikuwa na bunduki ya mchezo ya spoku ya baiskeli na vichwa vya kiberiti, yenye mlio mdogo mkali. Nyumba za jirani waliiruhusu siku za sikukuu. Bibi aliivunja kila alipoiona, bila kuchapa mtu na bila kueleza. Tulidhani anachukia uharibifu wa njiti.

Mwaka 2008 tulirudi. Katika miaka miwili ile zaidi ya watu 50,000 wa 1972 walirudi Burundi, wakikuta mara nyingi mashamba yao ya michikichi yana wenye wengine, na Rumonge ni mmojawapo wa miji ambako kesi hizo zimekuwa nyingi na chungu. Wengine zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na wakapewa uraia wa Tanzania. Mjomba ni mmoja wao. Hivyo ndani ya familia moja kuna watu wenye masikio mawili tofauti. Mjomba amekulia katika nchi ambayo fataki ni jambo la Mwaka Mpya, na polisi huwakumbusha wananchi kila Desemba kwamba hairuhusiwi kuzipiga bila kibali, na watu hukasirika kidogo kama wanavyokasirikia foleni. Mama yake amerudi katika nchi ambayo vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 vilichukua zaidi ya miaka kumi, na ambayo mwaka 2015 milio ya usiku ilirudi katika mitaa ya Bujumbura. Mjomba alipowasha ile ya kwanza kwa kijinga, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitaka kutuletea Dar es Salaam kidogo.

Baadhi ya wenzangu niliojadiliana nao darasani walisema jibu ni rahisi: fataki zipigwe marufuku katika nchi zilizoona vita. Sikubaliani nao, ingawa ninaelewa. Marufuku ndiyo njia ya Brussels, na tumeona kwamba humwondolea mtu wa kawaida mlio huku ikimwachia serikali. Tena marufuku haifundishi masikio. Kinachonivutia zaidi ni desturi ya misafara, ambayo ilikuwa na jambo tulilolisahau nyuma ya nyumba yetu. Kiongozi wa msafara alipiga baruti mchana, nje ya mji, kabla ya kuingia, mji ukiwa unaona bendera na ukiwa na nafasi ya kuja kutazama ni nani. Sisi tulipiga usiku wa manane, nyuma ya migomba, bila kumwambia mzee aliyelala mita 15 kutoka hapo. Kwa kipimo cha mwaka 1871 tulikuwa watovu wa adabu.

Mjomba alikuja tena mwisho wa mwaka 2022. Safari hii pakiti haikufichwa kwenye mashati. Aliitoa mezani saa kumi jioni, mbele ya bibi, akamwomba ruhusa kama anavyoombwa mzazi. Bibi alichukua moja, akaigeuzageuza, akainusa kwa muda mrefu. Akasema harufu ni ileile. Kisha akauliza ziko ngapi. Mjomba akajibu ni tano. Akauliza zitapigwa saa ngapi, nani atawasha, na majirani wa kila upande wameambiwa na nani. Mimi nikatumwa kwa majirani. Mmoja wao, mzee wa msikitini, alinishukuru, akasema atawaamsha wajukuu wake ili wasikie wakiwa macho.

Baada ya swala ya isha bibi alitandika mkeka barazani, akakaa akitazama upande wa ziwa. Mwezi haukuwepo, na wavuvi walikuwa wametoka, taa zao zimetanda majini kama mji mwingine. Mjomba akawasha. Bibi alihesabu kwa Kirundi, kwa sauti, kila ilipopasuka: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Kutoka kwa jirani, wajukuu wa mzee wa msikitini walijibu kila mlio kwa vigelegele na makopo. Ya tano haikupasuka. Iliwaka kidogo kwenye chupa, ikatoa moshi, ikazima. Watoto wakaanza kuingia ndani, mjomba akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bado moja," akasema bibi.

Mjomba alimweleza kwamba ile imeharibika, haitalia tena. Bibi hakuinuka. Ilibidi mjomba asubiri moshi ukatike kabisa, kisha ailete pamoja na chupa yake, aitumbukize ndani ya ndoo ya maji mbele ya mkeka, na bibi akaichungulia hadi karatasi nyekundu ilipoanza kutoa rangi. Ndipo akaomba mkono wa kumwinua.